Makomeo Matatu ya Fundi

Fundi alikuwa mwoga. Naanza na hilo kwa sababu wanaomsifu siku hizi, nao wamekuwa wengi tangu hatari ilipopita, wanamsimulia kana kwamba alikuwa simba. Hakuwa simba hata kidogo. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, aliogopa samaki wenye miiba mingi, aliogopa ngazi zisizo na mahali pa kushika, na aliogopa gari lolote lililopunguza mwendo karibu naye. Mtaani kwetu Moroni, nyuma ya msikiti mdogo, kila mtoto alijua kwamba ukitaka kumwona Fundi akiruka, jaza pumzi kwenye mfuko wa karatasi uupasue mgongoni kwake. Mimi niliupasua mara nyingi kuliko wenzangu. Akaniita Pilipili, na jina likanigandama mpaka leo nina wajukuu.

Kwetu Komoro fundi si wa saruji wala wa cherehani. Ni mwalimu wa chuo, yule anayekushika kidole juu ya ubao mpaka herufi za Kurani zikuingie. Walikuwapo mafundi wengine wenye koo ndefu na majina ya kupigiwa mbiu, lakini kwetu sisi yeye alikuwa Fundi tu. Alitoka Mutsamudu, kisiwa cha Nzuani, na aliposema lugha yetu ya kisiwa cha Ngazija maneno yalimtoka yamepinda, tukamwiga njia nzima mpaka nyumbani. Ujanani alisoma Unguja. Kwa hiyo alipokasirika, au alipokuwa na jambo zito, alihamia Kiswahili, na ndiyo maana maneno yake mengi nimeyahifadhi kwa lugha hii.

Hakuwa na nyumba. Mgeni akisikia hivyo atamhurumia, lakini kwetu hakuna mwanamume mwenye nyumba. Nyumba ni ya mwanamke. Baba na wajomba humjengea binti tangu angali mdogo, mume huja kukaa ndani yake, na ndoa ikivunjika ni mume anayekunja kanzu zake na kutoka. Fundi alioa Moroni mara mbili, na mara mbili alikunja kanzu. Mama yangu alisema hakuna mke anayeweza kupata usingizi na mtu anayeinuka kuchungulia dirishani kila paka akipita. Baada ya hapo alihamia kijichumba kilichoegemea ukuta wa msikiti. Mlikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati, vitabu vyake, na mtungi wa maji.

Mlangoni mlikuwa na makomeo matatu: la juu, la kati na la chini. Ungedhani amehifadhi humo dhahabu za maharusi wa Moroni nzima. Kaka yangu Bakari, ambaye hakuwahi kuona kitu cha kuchekesha akakiacha kipite, alimwuliza siku moja mbele ya chuo kizima.

"Fundi, kila siku unatuambia tumtegemee Mungu. Mbona wewe unajifungia kama benki?"

Tulishika midomo. Fundi alikuna shingo.

"Makomeo ni ya woga wangu," akasema. "Usingizi ni wa Mungu. Ningekuwa nayategemea makomeo, Bakari, nisingelala. Ningekesha nikiyatazama."

Bakari alicheka, akasema Fundi ana jibu kwa kila kitu isipokuwa mbwa. Nami nilicheka. Lakini neno lile lilibaki, na lilikuja kunirudia wakati ambao sisi wote tulikuwa tunakesha tukitazama makomeo.

Wakati wenyewe ni ule wa wazungu. Walikuja mwaka wa sabini na nane, askari wa kukodiwa, wakaangusha serikali moja na kuweka nyingine, kisha hawakuondoka. Walikuwa wachache, ungeweza kuwalisha wote kwa masinia machache ya wali. Lakini wao ndio walioshika walinzi wa rais na bunduki, na kambi yao ilikuwa kusini, ukishapita Ikoni, na mtu akichukuliwa huko jamaa zake hawakujua waanze kumtafuta mlango gani. Baadhi yao walisilimu, wakajipa majina yetu, wakaoa dada zetu, wakaonekana Ijumaa wamevaa kofia zilizodariziwa vizuri kuliko za baba zetu. Mjini tulijifunza kusema kwa macho. Hata kule bangwe, uwanja ambako wanaume wetu hukaa kila alasiri kuendesha mambo ya mji, mazungumzo yalihama kutoka siasa yakaenda kwenye bei ya samaki, na watu wakawa wanabishana juu ya bei ya samaki kwa hasira ambayo samaki hawakustahili.

Katika hali hiyo kila nyumba ilitafuta mgongo wa kuegemea. Wetu uliitwa Bwana Mayai. Alikuwa mkwe wetu wa mbali, mtu wa Mvouni, mfuga kuku, na kazi yake ilikuwa kupeleka mayai na nyama kambini. Alikula nao, alijua majina yao, na walimpigapiga begani. Basi hicho tu ndicho kilichomfanya mkubwa. Alipopita, wazee waliofanya ndoa kubwa, wenye haki ya kukaa mbele bangweni, walisogea kumpisha muuza mayai. Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa ukoo wetu, alimkaribisha kila mwezi nyumbani kwa mama na kumpa kiti kizuri.

"Mtegemea nundu haachi kunona," Mjomba alikuwa akisema, akimaanisha kwamba aliye karibu na mwenye nguvu hafi njaa.

Siku moja alilisema mbele ya Fundi, aliyekuwa amekuja kula. Fundi alikula kwetu mara kwa mara. Alipenda vitu vitamu kupita kiasi na alijua siku ambazo mama anapika mkate wa sinia.

"Kweli," akasema Fundi huku anatafuna. "Ila nundu huchinjwa pamoja na ng'ombe wake."

Mjomba alimtazama kwa jicho kali. Fundi palepale akapaliwa, akaomba radhi, akaomba maji, akasema alikuwa anazungumzia ng'ombe tu. Ndivyo alivyokuwa. Neno lilimtoka la kweli, kisha lilimtisha mwenyewe. Na Bwana Mayai alipoingia, Fundi huyohuyo alisimama kabla ya watu wote na kumpa mkono kwa mikono miwili.

Mimi tabia hiyo ilinikera. Nilitaka mtu akishasema kweli asimame nayo. Sikujua bado kwamba kuna watu ambao miguu yao inatetemeka na bado wamesimama.

Miaka ile hirizi zilikuwa na soko kuliko mchele. Watu walitaka za kuzuia risasi, za kufumba macho ya walinzi, za kumfanya mzungu akusahau jina. Mafundi wengine waliwajengea binti zao kwa hirizi hizo. Fundi wetu alikataa. Alikuja kwake dereva mmoja wa teksi ya Ntsoudjini, mtu mkubwa wa mwili, akamsihi sana amwandikie ya risasi.

"Nikikuandikia," Fundi alimwuliza, "ukiona bunduki utapita wapi?"

"Nitapita mbele yake, nina kinga."

"Na nisipokuandikia?"

"Nitazunguka nyuma ya nyumba."

"Basi zunguka nyuma ya nyumba, na useme Bismillahi."

Msidhani, hata hivyo, kwamba alikuwa mtu wa msimamo mmoja kama nguzo. Mbuzi wa mwadhini alipoacha kunyonyesha, Fundi alimwandikia mbuzi hirizi, akamfunga shingoni kwa mkono wake. Nilipomsuta alisema mbuzi hawezi kufanya shirki. Sijui kama jibu hilo lina asili katika kitabu chochote, lakini mbuzi alinyonyesha.

Sasa nifike kwa Bakari, maana bila Bakari nisingekuwa na sababu ya kuandika.

Kaka yangu alikuwa karani, kijana bado, hajafanya ndoa kubwa. Kwetu mwanamume asiyefanya ndoa kubwa, hata akiwa na mvi, bangweni ni mtoto: hukaa pembeni na hasemi mbele ya waliomtangulia. Bakari alisema. Alasiri moja alisimama katikati ya uwanja akamwigiza mzungu mmoja aliyesilimu, jinsi anavyosali na bastola kiunoni: akiinama bastola inateleza, akisujudu inagonga sakafu, akiinuka anaipapasa kwanza ndipo anaendelea na sala. Bangwe zima lilikatika mbavu. Wazee walicheka mpaka wakafuta machozi kwa ncha za vilemba. Miaka mingi walikuwa hawajacheka hivyo, nafikiri, na kwa hiyo walimwomba arudie kesho yake, na keshokutwa.

Haikupita muda walinzi walikuja ofisini kwake asubuhi, mbele ya watu, wakamwambia ana maswali machache ya kujibu. Aliacha koti lake kitini. Mwenzake wa ofisini alituletea lile koti, na mama alilipokea, akalikalia, hakutaka mtu aliguse.

Mjomba alikwenda kwa Bwana Mayai. Bwana Mayai alisema mambo ni mazito, tusubiri. Akaja tena na pendekezo. Mmoja wa wazungu, alisema, alitaka kutulia mjini, na mtu hatulii Moroni bila mke mwenye nyumba. Mimi nyumba yangu ilikuwa imekwisha, imebaki kupakwa chokaa. Mzungu angesilimu, ndoa ingefungwa kwa kanuni, Bakari angetoka, na ukoo wetu usingeguswa na mtu tena.

Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilimpenda Bakari, na kwa dakika ile, sioni haya kusema, nilimchukia pia.

Mjomba alinyamaza, na kimya chake kilikuwa nusu ya ndiyo. Aliyejibu ni mama, ambaye hakuwa amesema neno siku nyingi.

"Mlango wako nimekwisha kuubisha mara moja," alimwambia Bwana Mayai. "Siubishi tena."

Mjomba alimshangaa. Mimi nilidhani anazungumzia safari ya Mjomba. Bwana Mayai aliinuka, akavaa viatu vyake, na hakumtazama mama usoni.

Hapo ndipo Mjomba alipoamua tusome Badri.

Wasomaji wa pwani wanaijua. Hutajwa majina ya mashahidi na mashujaa waliopigana Badri, na kwa hadhi yao Mungu huombwa amfichue na kumpiga aliyekudhulumu. Haisomwi ovyo. Kwetu husemwa kwamba ikishasomwa haitazami uso: itamfuata mwenye kosa popote alipo, na ikikuta msomaji ana hila itamrudia yeye. Kulikuwa na watu mtaani waliokuwa bado wanaonyeshwa kwa kidole, mguu umevimba au mdomo umepinda, na kunong'onwa kwamba walisomewa. Mjomba alisema wazi: wazungu hawafiki bangwe, kwa hiyo kuna aliyepeleka maneno ya Bakari kambini. Huyo tutamsomea. Ikimpata, na wengine watashika adabu, na nyumba yetu itaogopwa. Alilisema hilo la mwisho kwa kuridhika. Nami niliridhika nalo, tena sana. Nilikuwa na orodha yangu kichwani ya majirani ambao ningependa kuwaona wakivimba.

Msomaji mkuu lazima awe Fundi; alikuwa ndiye aliyetusomesha wote. Mjomba alimwendea na wanaume wawili wenye sauti. Fundi hakuweza kumwambia hapana mtu yeyote aliyepaza sauti. Alisema inshallah, wakatoka, na tukasikia kutoka kwa mwadhini kwamba tumbo lilimwendesha mpaka asubuhi.

Ilikuwa Alhamisi baada ya alasiri. Wanaume walijaa sebuleni kwa mama, wamekaa kwenye mikeka, vitabu mbele yao. Wanawake tulikuwa chumba cha ndani, mlango wazi, pazia limekusanywa pembeni. Sijawahi kukaa katika nyumba iliyojaa watu ikawa kimya namna ile. Hata watoto walishikwa. Fundi alikuwa katikati, jasho linamtiririka kutoka chini ya kofia, na alipoanza kufungua kwa Fatiha sauti ilimkwaruza. Akaendelea. Sauti ikakaa sawa. Lazima niseme alikuwa na sauti nzuri.

Kwa desturi mwenye nyumba ndiye anayeleta chetezo cha ubani. Mama aliinuka nacho, makaa yamewaka, akapita katikati ya wanaume kukiweka mbele ya msomaji. Fundi alikuwa amefika karibu na pale ambapo dhamira hutamkwa, ambapo husemwa kwamba tunamshtaki kwa Mungu mtu aliyemsaliti mwana wa nyumba hii. Chetezo kikamyumba mama mkononi. Kaa moja likadondoka juu ya mkeka, mkeka ukaanza kutoa moshi.

Mama alipiga magoti akaliokota kwa vidole vyake. Hakutafuta koleo, hakuita mtu. Alilishika kaa la moto kwa vidole vitupu, akalirudisha mahali pake, na hakutoa sauti. Akarudi ndani akakaa karibu nami, mkono ameuficha ndani ya leso yake.

Nilimtazama Fundi kwa sababu alikuwa amenyamaza. Alikuwa anatazama mahali mama alipokuwa amepiga magoti. Kisha akafunga kitabu.

"Fundi," akasema Mjomba. "Soma."

"Sisomi."

"Umechoka? Kunywa maji, usome."

"Sikuchoka. Sisomi."

Minong'ono ilianza. Mjomba akasimama. "Unawaogopa wazungu."

"Nawaogopa," akasema Fundi. Alikuwa anatetemeka wazi, kila mtu aliona. "Nakuogopa na wewe."

"Basi mwogope na Mungu! Mtoto wetu yuko kambini!"

"Ndiye ninayemwogopa kuliko nyote." Akahamia Kiswahili, akainua macho. "Hawa wazungu mtu aliwakodi wakampigie adui yake. Leo mmekaa hapa mnataka kumkodi Mungu kwa kazi ileile. Mungu hakodiwi, Mjomba. Mwombeeni Bakari atoke, nitaitikia amina mpaka koo likauke. Lakini hili silisomi."

Alivaa viatu vyake upande si wake, kulia kushoto, akatoka.

Mtu atauliza kwa nini hatukutafuta msomaji mwingine. Hapo ndipo ilipo kazi yote. Angekataa tangu mwanzo, Mjomba angepata mwingine siku hiyohiyo. Mjini hapakukosekana wasomaji. Lakini Badri iliyofunguliwa ikafungwa katikati na msomaji wake hakuna fundi Moroni aliyethubutu kuigusa. Kila mmoja alijiuliza yule ameona nini, na kama alichokiona kitamrukia yeye. Mjomba aliwaendea wote, mpaka Ikoni. Wote walikuwa na udhuru.

Mji ulihitaji maelezo, ukayapata haraka. Anayemlinda msaliti ni nani kama si msaliti mwenyewe? Tena mgeni, mtu wa Nzuani, asiye na mke wala nyumba. Ikasemwa alionekana na walinzi. Ikasemwa anakula mayai ya bure. Wazazi waliwatoa watoto chuoni mmoja mmoja, na hata mwadhini akaanza kumpitia mbali. Na mimi nilisema. Nilisema kisimani, nilisema sokoni, na ulimi wangu mnaujua. Mama peke yake hakusema. Alimpelekea chakula mchana kweupe, chini ya macho ya mtaa, na nilipomgombeza alinijibu, "Wewe kula chako."

Siku alipoondoka nilikutana naye kwenye njia ya bandarini, sanduku la bati kichwani mwa mchukuzi, yeye nyuma yake amekumbatia vitabu. Sikumwamkia. Yeye ndiye aliyesimama.

"Pilipili, mmefunga mlango?"

"Tunafunga," nikasema. "Kuna wasaliti."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei. "Fungeni. Kisha mlale."

Bakari alirudi miezi kadhaa baadaye. Hakuna aliyemtoa, hakuna aliyetueleza. Walifungua mlango, wakawaambia yeye na wenzake wachache waende, akatembea kwa miguu kutoka upande wa Ikoni, malapa mkononi, amekonda, sikio moja halisikii vizuri. Sidai muujiza. Wapo walioombewa kama yeye na hawakurudi, na mama zao hawakuwa na imani ndogo. Nasema tu kwamba miezi ile yote mama hakubisha mlango wa mtu. Alifunga, alisali, alilia, kisha alilala. Mimi nililala karibu naye na nilimsikia akipumua kama mtu anayelala kweli, na nilikasirika kwamba anaweza.

Bakari alihama nchi. Haigizi watu tena.

Wazungu waliondoka mwishoni mwa mwaka wa themanini na tisa, rais akiwa ameuawa na nchi imechoka. Bwana Mayai aliondoka Mvouni kabla jogoo wake hawajauzwa. Wazee wakarudi viti vyao vya mbele bangweni, wakazungumza siasa kwa sauti.

Mwaka uliofuata mama aliugua. Katika ugonjwa ule, asubuhi moja nikiwa namkanda miguu, aliniambia. Ni yeye. Aliposikia Bakari anamwigiza mzungu bangweni, aliingiwa na hofu ya mzazi. Aliona wazee wanacheka, akajua hakuna hata mmoja atakayesimama mwanawe akishikwa. Akapika mkate wa sinia, akaupeleka kwa Bwana Mayai. Alimwomba amtishe Bakari kidogo, amwite pembeni, amwambie kwamba kambini wamesikia, ili mtoto anyamaze. Bwana Mayai alipokea mkate. Kisha, ama kwa kujipendekeza ama kwa upumbavu, akayasimulia mezani kwa wazungu.

"Nilitafuta ukuta wa kumkinga," mama alisema, "na ukuta ndio uliomwangukia."

Alinionyesha vidole vyake, kana kwamba sikuviona miaka yote ile. Alikuwa anangoja Badri imkute katikati ya sebule yake, mbele ya ndugu zake. Na kama Mungu asingempiga, alisema, uso wake mwenyewe ungemwumbua. Maneno yale ya dhamira yangetamkwa, angepiga kelele. Hakupata nafasi ya kumshukuru Fundi. Baada ya siku chache tulimzika.

Nilikwenda Mutsamudu. Sikuwa nimewahi kufika. Ule mji wa kale ni vichochoro tu, mawe na vivuli, wanawake wamejitanda shuka za shiromani wanapita ukutani, wapagazi wa bandarini wanapiga kelele uondoke njiani, na harufu ya karafuu zilizoanikwa kila penye jua. Niliuliza mara tatu, nikaelekezwa nyumba ya dada yake, kwa maana mwanamume asiye na mke hurudi kwa dada. Alikuwa na chumba chake chini, mlango unatazama kichochoro.

Nilibisha. Ndani kimya. Nikabisha tena.

"Nani?" Sauti ileile yenye mashaka.

"Pilipili."

Nikasikia komeo la juu. La kati. La chini. Nikaanza kucheka pale nje, nikawa nalia papo hapo, sijui lipi lilitangulia.

"Kwezi, Fundi," nikamwamkia kama mtoto, na kichwa nikainamisha.

"Mbona," akaitikia, kama mkubwa anavyoitikia kwetu. Alikuwa amezeeka, jicho moja lina ukungu. Alichungulia kwanza kichochoroni, huku na huku, ndipo akanikaribisha. Wazungu walikuwa wameondoka, mbwa hapakuwa na hata mmoja, lakini alichungulia.

Nilikuwa nimemchukulia mkate wa sinia. Alijikatia kipande kikubwa. Tukazungumza habari za Bakari, za mwadhini, za mbuzi. Kisha nikamwambia mama amefariki, akasoma Fatiha mikono imeinuliwa, na alipomaliza nikamwambia yaliyonileta.

"Mama aliniambia, Fundi. Najua ni yeye. Na wewe ulijua siku ile. Ulimsitiri, na sisi tukakufukuza mjini. Mimi nilikutukana sokoni."

Alipangusa makombo kwenye kanzu.

"Mimi sikujua kitu, mwanangu," akasema. "Watu walikuwa wengi, Mjomba wako ana sauti. Niliogopa. Mji mzima unajua mimi ni mwoga."

"Fundi."

"Niliogopa tu. Usiniongezee."

Nilimbana. Mnajua nilivyo. Nilimwambia amepoteza chuo chake, wanafunzi wake, jina lake jema, na hakuwa na mtu wa kumtetea, wala mke, wala ukoo, wala Bwana Mayai. Alitegemea nini alipofunga kile kitabu? Akanitazama kana kwamba nimemwuliza kitu ambacho nilitakiwa kukijua tangu ubaoni, akaomba kipande kingine cha mkate. Hakukubali. Mpaka naaga hakukubali.

Alinisindikiza mpaka kizingitini. Nilikuwa nimekwisha kushuka ngazi mbili aliponiita kwa sauti ndogo.

"Pilipili. Vidole vyake vilipona?"

Nilirudi ngazi moja. "Vilipona, Fundi. Alama ilibaki."

"Alhamdulillahi," akasema, kisha akafunga mlango, nikasikia la juu, la kati na la chini.